Je, Wajua? Mbu wa Mbulu na Hanang

Je, wajua mbu dume haumi? Yeye hula maji matamu ya maua. Anayekuvizia usiku ni jike, na hataki damu ya kushiba: anataka ya kutungia mayai.

Je, wajua kinachowasha ni mate yake? Akichoma hutema mate ya kuzuia damu isigande. Mwili huyakataa, na ngozi hutoa kinundu. Aliyezoea kuumwa miaka mingi huweza asivimbe sana. Aliyeteremka juzi kutoka Dongobesh kwenda vibarua vya vitunguu Mang'ola ndiye anayerudi na manundu mikono mizima.

Je, wajua dawa ya kwanza ni sabuni na maji baridi? Osha, kisha weka kitambaa kilicholowa kwa dakika 10. Juni na Julai huku juu, maji ya alfajiri hayahitaji barafu.

Je, wajua mshubiri una maji ya aina mbili? Utomvu wa manjano ulio chini ya ganda huwasha. Kata jani, lisimamishe utomvu uchuruzike, menya, ndipo upake ule ute mweupe wa ndani.

Je, wajua soda ya kuokea na magadi havifanani ukali? Soda ikikorogwa na maji kidogo ikawa uji mzito, hutuliza muwasho. Magadi ya mawe, yale ya kulainishia maharage, yanachoma ngozi. Yabaki jikoni.

Mafuta ya taa nayo huunguza. Ndimu ukiipaka ukatoka juani, huacha malengelenge na madoa meusi. Kupaka mate na kuchora msalaba kwa kucha ni kupanda vijidudu tu. Duka la dawa lina losheni ya kalamaini na vidonge vya setirizini. Muulize muuzaji kipimo cha mtoto.

Je, wajua kujikuna kunaweza kufika kwenye figo? Hili naomba kila mzazi alisikie. Mtoto akikuna hadi kidonda kikatoa usaha, bakteria aina ya streptokoka wanaweza kuingia. Wiki kama tatu baadaye, kidonda kimekwisha kusahaulika, uso unavimba asubuhi na mkojo unakuwa na rangi ya chai ya rangi. Hapo usisubiri, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Kuzuia hayo ni rahisi mno: kata kucha za mtoto, osha kidonda kila siku. Asali safi husaidia kidonda kidogo kupona, lakini usiipake mkononi mwa mtoto wa chini ya mwaka 1, ataramba, na asali kwake ni hatari.

Je, wajua mbu wa malaria hupenda miguu? Ukiketi nje jioni, shuka inafunika mabega huku katambuga zikiacha vifundo wazi. Soksi zinafaa kuliko moshi wa samadi, ambao unaumiza mapafu ya wote wanaouvuta. Na mbu mmoja wa malaria, *Anopheles arabiensis*, huuma ng'ombe na watu vilevile, hivyo zizi lililo ukutani mwa nyumba linaweza kumkaribisha.

Je, wajua baridi ni ngao? Kimelea cha malaria kali hakikomai ndani ya mbu hali ya hewa ikiwa chini ya nyuzi 16 hivi za Selsiasi. Ndiyo maana Manyara, yenye Mlima Hanang wa mita zaidi ya 3,400 na nyanda za Mbulu, ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo nchini. Lakini ngao hiyo ina gharama: mwili usiozoea malaria hauna kinga, na hata mtu mzima mwenye nguvu zake anaweza kuzidiwa haraka. Bonde la Yaeda na pwani za Ziwa Eyasi hazina baridi hiyo.

Je, wajua homa ya malaria huanza siku 7 au zaidi baada ya kuumwa? Kinundu kimekwisha kupona, hakuna anayekikumbuka. Kipimo cha haraka hutoa jibu ndani ya dakika 20 hivi. Uwe zahanati ya kijijini au Haydom, ambako hospitali inahudumia tangu 1955, mwambie mganga kabla hajakuuliza: "Wiki mbili zilizopita nililala bondeni."