Nyota kwenye jalada haitoshi: Mzazi apime vipi kitabu cha mtoto?

KITABU cha mtoto kikishinda tuzo, jalada lake hubadilika. Toleo linalofuata hutoka na nishani ya dhahabu au ya fedha upande wa mbele, na nyuma yake maneno machache ya sifa kutoka kwa wahakiki. Mzazi aliyesimama dukani na fedha ya kitabu kimoja tu hujikuta akikichukua hicho chenye nishani, akiamini kwamba watu wanaojua zaidi wamekwisha kumchagulia.

Wakati mwingine huwa amepata. Wakati mwingine kitabu kinafika nyumbani, kinafunguliwa mara moja, kisha kinakaa juu ya kabati. Si lazima mhakiki awe amedanganya. Mara nyingi alikuwa akijibu swali ambalo si la mzazi huyo, na alikuwa akimfikiria mtoto mwingine kabisa.

Ndiyo maana inafaa kwa mzazi au mlezi kujua sifa hizo zinatoka wapi na zinapima nini.

Nani anatoa sifa?

Nchini Marekani, ambako vitabu vingi vya picha vinavyouzwa duniani hutoka, uhakiki wa vitabu vya watoto ni kazi ya muda mrefu. Jarida la The Horn Book lilianzishwa Boston mwaka 1924 kwa ajili ya vitabu vya watoto. Kirkus, lililoanza mwaka 1933, huhakiki vitabu vya watoto na vya watu wazima, na aghalabu hufanya hivyo kabla havijaingia madukani. Kitabu kinachomgusa sana mhakiki hupewa nyota. Mchapishaji naye huchukua kutoka kwenye uhakiki ule sentensi inayomfaa na kuiweka kwenye jalada. Kama aya iliyofuata ilikuwa na lawama, mnunuzi hataiona.

Kisha zipo tuzo. Inayojulikana zaidi kwa vitabu vya picha ni nishani ya Caldecott, inayotolewa na Chama cha Maktaba cha Marekani tangu mwaka 1938. Hiyo huenda kwa mchoraji. Kamati hutazama ufundi wa picha, kama mtindo wake unalingana na hadithi, na kama picha zenyewe zinabeba tukio, mahali na hisia. Kanuni zake zinasema wazi kwamba tuzo hiyo haitolewi kwa sababu kitabu kinafundisha maadili, wala kwa sababu kinapendwa na wengi.

Jambo hilo linaweza kumshangaza mzazi wa huku kwetu, ambaye swali lake la kwanza dukani ni, "Kina mafunzo gani?" Huenda kitabu alichoshika kina nishani kwa sababu ya rangi na mistari, huku yeye akitafuta kitu kingine.

Kwa vitabu vya maarifa, yaani vile vinavyoeleza mambo ya kweli kama wanyama, historia, sayansi na maisha ya watu, chama hicho hicho kina nishani ya Sibert, iliyoanza kutolewa mwaka 2001. Hapa wanaopima huuliza maswali mengine: Je, habari ni sahihi? Zimepangwa vizuri? Lugha inavutia? Je, kuna ramani, faharasa au maelezo ya nyongeza yatakayomsaidia msomaji mdogo?

Kiswahili kilichosifiwa Marekani

Mfano mzuri wa sifa yenye mlengwa wake unatoka kwenye lugha yetu wenyewe. Mwaka 1971, Muriel Feelings na mchoraji Tom Feelings walitoa Moja Means One, kitabu cha kuhesabu moja hadi kumi kwa Kiswahili. Mwaka 1974 wakafuatisha Jambo Means Hello, kitabu cha alfabeti. Wote wawili walikuwa Wamarekani Weusi. Muriel alikuwa amefundisha Uganda katika miaka ya 1960, na Tom alikuwa amefanya kazi Ghana.

Wahakiki walivipokea kwa mikono miwili. Vyote viwili vilipata heshima ya Caldecott, ile inayowafuata washindi wa nishani: cha kwanza mwaka 1972, cha pili mwaka 1975. Jambo Means Hello kilishinda pia tuzo ya Boston Globe–Horn Book ya kitabu cha picha mwaka 1974.

Walistahili. Picha za Tom Feelings hazina rangi za kuwaka. Ni vivuli vya mwanga na giza, na ndani yake kuna mlima Kilimanjaro, soko, akina mama na watoto, watu wanaofanya kazi zao bila haraka. Kwa mtoto mweusi wa New York wa miaka ile, ambaye vitabu vingi vilimwonyesha Afrika kama pori la simba, kumwona Mwafrika mwenye heshima, lugha na mji wake lilikuwa jambo kubwa. Hilo ndilo walilolisifu wahakiki, na hilo ndilo vitabu vile vilikusudia kulifanya.

Sasa mpe kitabu hicho mtoto wa Tanga au wa Kisumu. Atafurahia picha, lakini hesabu yenyewe haitamfikisha mbali. Mtoto anayekua na Kiswahili hahitaji kuambiwa kwamba moja ni moja. Kazi yake iko mbele zaidi, kwa sababu namba za Kiswahili hubadilika kufuata kinachohesabiwa: mtoto mmoja, miti miwili, vikombe vitatu, mayai manne, nyumba tano. Kisha ghafla sita na saba hazibadiliki, nane inabadilika, tisa na kumi zinabaki vilevile. Kitabu cha kuhesabu kilichotungwa kwa ajili yake kingecheza na mabadiliko hayo, na mtoto angecheka huku akijifunza upatanisho bila kujua.

Alfabeti nayo ni hivyo hivyo. Jambo Means Hello kina herufi 24, kwa kuwa Q na X hazitumiki katika Kiswahili. Kwa mgeni inatosha. Mtoto wetu anahitaji pia kutofautisha ng ya ngoma na ng' ya ng'ombe, s ya saa na sh ya shamba, t ya tatu na th ya thelathini.

Kwa hiyo vitabu vile ni vizuri, sifa zao ni za kweli, na bado havikuandikwa kwa ajili ya mtoto anayeota ndoto zake kwa Kiswahili. Mzazi akijua hilo, atakinunua kwa sababu sahihi, au ataacha kwa sababu sahihi.

Mama mmoja, vitabu vinne

Kwenye vitabu vya maarifa, hatari ni nyingine. Mtoto huamini kilichochapishwa. Akisoma jambo akiwa na miaka saba, anaweza kulibeba mpaka uzeeni.

Chukua maisha ya Profesa Wangari Maathai wa Kenya, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Ndani ya miaka mitatu vilitoka Marekani vitabu vinne vya picha juu yake: Wangari's Trees of Peace cha Jeanette Winter na Planting the Trees of Kenya cha Claire Nivola mwaka 2008, kisha mwaka 2010 Mama Miti cha Donna Jo Napoli na Seeds of Change cha Jen Cullerton Johnson.

Mama Miti kina picha za kuvutia mno. Mchoraji Kadir Nelson alichanganya rangi za mafuta na vipande vya vitambaa vya maua, hata mavazi, ardhi na miti vikaonekana kama vimeshonwa pamoja. Ndani yake wanawake wanamjia Wangari mmoja baada ya mwingine. Huyu hana chakula, yule hana kuni, mwingine mifugo yake inaumwa. Kila mmoja anaondoka na mti unaofaa kwa shida yake.

Hadithi hiyo inapendeza kusimuliwa jioni, na mtoto hutoka nayo akijua kwamba kila mti una kazi yake. Lakini historia haikwenda kama ngano. Harakati za Ukanda wa Kijani zilianza mwaka 1977 chini ya Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya, kwa kupanda miti saba Kamukunji, Nairobi, tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani. Baadaye wanawake waliootesha miche walilipwa kiasi kidogo kwa kila mti uliostawi. Ilikuwa kazi ya vikundi, vitalu, hesabu na mikutano, na ilimletea Wangari ugomvi na wenye mamlaka.

Winter, ambaye maneno yake ni machache, hakuuficha ugomvi huo. Mtoto anaona kwamba mama huyu alipigwa na kufungwa kwa sababu ya kutetea miti. Johnson yeye anakaa zaidi kwenye masomo ya Wangari, msichana aliyetoka kijijini Nyeri hadi vyuo vya Marekani. Picha za Sonia Lynn Sadler katika kitabu hicho zilimpatia tuzo ya John Steptoe ya kipaji kipya mwaka 2011.

Basi kipi ni bora? Kwa mtoto wa miaka minne, pengine Mama Miti. Kwa wa miaka minane anayeuliza kwa nini polisi walimpiga mtu anayepanda miti, cha Winter kitafungua mazungumzo, na cha Johnson kitajibu mengi zaidi. Uhakiki mzuri wa kitabu cha maarifa husema hivyo: hautoi sifa tu, unaeleza kitabu kimechagua kusema nini na kimeacha nini.

Sifa za nyumbani bado chache

Afrika nayo ina vitabu vilivyosifiwa mbali na karibu. Sosu's Call cha Meshack Asare wa Ghana kinamhusu mvulana asiyeweza kutembea, ambaye anaiokoa jamii yake kwa mlio wa ngoma wakati bahari inapochafuka. Kilichapishwa Accra mwaka 1997, kikapata tuzo ya UNESCO ya vitabu vya watoto vinavyohimiza uvumilivu mwaka 1999, na kimo katika orodha ya vitabu 100 bora vya Afrika vya karne ya 20. Asare aliandika na kuchora mwenyewe, akiwa anaijua pwani aliyoichora.

Tanzania, Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2023 kwa riwaya na ushairi, na baadaye hadithi za watoto zikaongezwa. Kenya ipo Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, ambayo ina nafasi ya vitabu vya watoto vya Kiswahili. Hizo ni hatua za kujivunia.

Hata hivyo, kati ya tuzo moja na nyingine, vitabu vingi vya watoto vya Kiswahili hutoka bila mtu yeyote kuandika hata aya moja juu yake. Kitabu kikiwa na ithibati ya TET, au ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya (KICD), mzazi anajua kinafaa kwa mtaala. Ithibati haimwambii kama mtoto atakipenda. Na kwenye maktaba za bure za mtandaoni kama African Storybook na StoryWeaver, hadithi za Kiswahili zipo nyingi, nzuri na mbovu bega kwa bega, kwa sababu milango ya kutunga na kutafsiri iko wazi.

Mahali pasipo na mhakiki, mzazi ndiye mhakiki.

Vipimo vinne vya nyumbani

Soma ukurasa mmoja kwa sauti. Ulimi ukikwama mara tatu, hiyo ni tafsiri iliyofanywa na mtu asiyejisikiliza. Ukikuta "simba imelala", kirudishe kwenye rafu. Mtoto anayejifunza kusoma atalichukua kosa hilo kama lilivyo.

Funika maneno, fuata picha. Mwambie mtoto asimulie anachoona. Kama picha zinaweza kubeba hadithi, mchoraji amefanya kazi yake. Kama kila ukurasa unarudia tu kile maneno yamekwisha sema, mtoto atachoka mapema.

Kagua jambo moja unalolijua. Kwenye kitabu cha maarifa, tafuta ukurasa unaohusu kitu unachokifahamu vizuri, iwe ni mahindi, samaki, mji wako au ugonjwa. Kama hapo wamekosea, kurasa nyingine zisome kwa tahadhari. Tazama pia kama mwandishi ameeleza alikopata habari zake.

Uliza kimeandikiwa nani. Je, mtoto wako ndiye anayezungumzwa, au ndiye anayezungumziwa kwa watu wengine? Vyote viwili vinaweza kuwa na faida, lakini asikose kile cha kwanza.

Baada ya hapo, nishani ikiwepo ni nyongeza nzuri. Isipokuwepo, usikitupe kitabu. Kiache mahali mtoto anapokifikia, mkisome siku ya kwanza, kisha subiri. Kama kesho yake jioni atakuja nacho mwenyewe na kusema, "Tena," hapo kimepata sifa ambayo hakuna mchapishaji anayeweza kuibandika kwenye jalada.