Kusikia harufu

Kiswahili kina kunusa, lakini harufu yenyewe huisikia. Huko Musonoi, mtaa wa wachimbaji kando ya mashimo ya shaba na kobalti mjini Kolwezi, mtu atakuambia anasikia harufu ya asidi. Mwanaisimu atajibu kwamba ni kitenzi kimoja chenye maana nyingi, basi. Lakini kuna chombo ambacho kwacho usemi huo ni kweli neno kwa neno.

Chukua likembe. Bandika nta kidogo chini ya ulimi mmoja, upige tena: sauti imeshuka, kwa kuwa ulimi umekuwa mzito na unatetema polepole zaidi. Chombo hicho nacho ni vivyo hivyo. Ulimi wake ni kijisahani cha kwatzi, au kibanzi cha silikoni chembamba kuliko unywele, kinachotetemeshwa kwa umeme. Juu yake hupakwa dawa inayonasa mvuke wa aina fulani. Mvuke ukinaswa, uzito huongezeka na mtetemo hupungua. Mjerumani Günter Sauerbrey alionyesha uhusiano huo mwaka 1959: kwa kwatzi inayotetema mara milioni 5 kwa sekunde, kupungua kwa mtetemo mmoja tu ni sawa na nanogramu 18 hivi kwa sentimita mraba. Nanogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara bilioni! Mwaka 1964 Mmarekani William King akatumia kwatzi iliyopakwa dawa kupima gesi.

Musonoi inahusikaje? Shaba ya Lualaba hutolewa katika mawe kwa asidi ya sulfuri, na asidi hiyo hutengenezwa kwa kuchoma sulfuri, ile ambayo wazee waliiita kiberiti. Gesi inayoweza kutoroka ni dioksidi ya sulfuri. Pua huanza kuisikia ikifika mikrogramu 800 hivi kwa mita ya ujazo, na pua nyingi hungoja zaidi. Shirika la Afya Duniani, tangu 2021, linashauri wastani wa saa 24 usizidi 40. Kati ya namba hizo mbili mtoto mwenye pumu anaweza kukohoa usiku kucha, na nyumba nzima isisikie chochote. Tena anayelalamika kwa ushahidi wa pua peke yake hujibiwa kwa urahisi. Namba zilizoandikwa saa kwa saa ni vigumu kuzikana.

Ila nisikipambe chombo. Adui yake ni maji: kuanzia Novemba hadi Aprili unyevu wa mvua nao hunata juu ya kwatzi na kushusha mtetemo, na joto huuyumbisha. Ndiyo maana huwekwa vijisahani kadhaa pamoja, kila kimoja na dawa yake na kimoja bila dawa, ili kulinganisha. Dawa nyingine huishika gesi kwa nguvu hata isiachie tena. Hapo budi kipakwe upya.

Na jina? Wahandisi huandika «kihisi». Mimi ningechagua «kisikizi», na najua walimu wangu wa msamiati watanipinga.