Je, Wajua? Uso uliofichwa kwenye kikombe cha mtumba

Baadhi ya vikombe vya chai vya Kijapani vina uso wa mwanamke kitakoni, na hauonekani mpaka kikombe kitupu kiinuliwe kwenye mwanga. Haukuchorwa kwa rangi. Kaure yenyewe ni nyembamba hapa, nene pale, na mwanga ndio unaotoa macho, pua na nywele zilizofungwa juu. Ustadi wa ajabu!

Anayechakura vyombo vya mitumba Landless, Thika, basi akigeuze chombo kabla ya kuuliza bei. Neno “Nippon” chini yake kwa kawaida huashiria bidhaa iliyotengenezewa soko la Marekani kati ya 1891 na 1921. Baada ya hapo forodha ya huko ilidai neno “Japan”.

Chapa ya “Made in Occupied Japan” ilidumu miaka michache tu. Ni ya wakati Japani ilipokaliwa na majeshi ya kigeni baada ya vita, hali iliyokoma Aprili 1952.

Duara lenye msalaba ndani? Hiyo ni nembo ya ukoo wa Shimazu, waliotawala eneo la Satsuma huko Japani. Lakini chapa hughushiwa, na chombo kilichoandikwa kwamba kinafaa kwa maikrowevu si cha kale.