Daftari la Skuli Katika Majira ya Maradhi

Maradhi ya kuambukiza yanapoenea katika nchi, miongoni mwa mambo ya awali ambayo serikali hulazimika kuyatenda ni kufunga skuli, na aghalabu amri hiyo hutekelezwa kwa siku chache tu. Ndivyo tulivyoshuhudia mwaka 2020, pale Kenya ilipotangaza kufunga skuli zake tarehe 15 Machi, Tanzania ikafuata tarehe 17, na Uganda ikazifunga zake tarehe 20 ya mwezi uo huo. Walakini kufungua kulikwenda kwa mwendo mwingine kabisa: Tanzania iliwarejesha wanafunzi waliokuwa wamesalia nyumbani tarehe 29 Juni, Kenya ikaanza na darasa la nne, darasa la nane na kidato cha nne tarehe 12 Oktoba, wengine wakangoja hadi tarehe 4 Januari 2021, na Uganda, iliyofungua kwa sehemu kisha ikafunga tena, haikuwapokea wanafunzi wake wote mpaka tarehe 10 Januari 2022, muda unaokaribia miaka miwili.

Katika kipindi kirefu kama hicho, wengi hudhani ya kuwa kumsomesha mtoto akiwa nyumbani ni shughuli moja, na kumrudisha darasani ni shughuli nyingine itakayofikiriwa wakati wake utakapowadia. Mimi naona ni tadbiri moja isiyogawanyika, inayopasa kuanza siku ile ile milango inapofungwa, na ala yake kuu ni ile ambayo kila mwalimu anayo mezani pake tangu zamani, nayo ni daftari la mahudhurio. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na skuli haina mali iliyo kubwa kuliko watoto waliokabidhiwa kwake.

Masomo ya mbali si uzushi wa zama hizi za intaneti. Mwaka 1937, ugonjwa wa kupooza ulipozuka katika mji wa Chicago, nchini Marekani, na kufunguliwa kwa skuli kukaahirishwa, walimu wa mji ule walisomesha kwa redio: vituo vya utangazaji vilitoa nafasi bila malipo, vipindi vikawa vya robo saa, magazeti yakachapisha ratiba na maswali ya kila siku, na wazazi wakawekewa simu ya kuwauliza walimu. Mpango ule ulisifiwa, na ulistahiki sifa; hata hivyo ulidhihirisha udhaifu ambao haujatuacha mpaka leo, kwani katika nyumba zisizokuwa na redio, au zisizopata mawimbi safi, mtoto hakusoma, na mwalimu aliyekuwa akizungumza mbele ya kinasa sauti hakuwa na njia ya kumjua mtoto huyo. Kenya nayo, mwaka 2020, ilirusha masomo kwa redio na televisheni, na kuyaweka mengine katika mtandao, na jambo hilo lilikuwa jema; lakini mtangazaji hunena na umma, ilhali anayemjua mtoto kwa jina na kwa nyumba yake ni mwalimu wa darasa peke yake.

Kwa sababu hiyo, kabla ya skuli kuchagua njia ya kusomeshea, yapasa daftari liongezwe safu chache. Mbele ya kila jina na iandikwe: mtoto analala kwa nani; je, nyumbani kuna redio inayofanya kazi; simu ni ya nani na hupatikana saa ngapi; na ni nani pale nyumbani awezaye kusoma. Safu hizi zaonekana ndogo, lakini ndizo zinazoamua kila kitu. Mtoto ambaye simu ya nyumbani kwao huondoka na babake alfajiri kwenda baharini, ikarudi magharibi, hafai kupangiwa somo la saa nne asubuhi. Huyo apigiwe baada ya sala ya isha, au apelekewe karatasi za mazoezi kila Jumatatu, na zile za juma lililopita zichukuliwe zisahihishwe. Mwalimu akishajua haya, atatambua ya kuwa darasa lake moja limekuwa makundi matatu au manne, na kila kundi lahitaji njia yake.

Wala njia nyepesi isidharauliwe. Huko Botswana, mwaka huo huo wa 2020, watafiti waliwajaribu watoto wa skuli za msingi kwa njia mbili: baadhi walipelekewa maswali ya hesabu kwa ujumbe wa simu peke yake, na wengine, pamoja na ujumbe huo, walipigiwa simu mara moja kwa juma, wakaongozwa kwa muda wa dakika kama 20 wakiwa pamoja na mzazi. Waliopigiwa simu walipata maendeleo ya dhahiri katika hesabu, na waliopata ujumbe mtupu walifaidika kidogo mno. Katika hali kama hiyo, sauti ya mwalimu anayemwuliza mtoto amefika wapi ina thamani kubwa kuliko maktaba nzima iliyowekwa mahali asipoweza kuifikia.

Sasa tuangalie kurejea. Kwa kuwa maradhi kama yale ya mwaka 2020 husafiri kwa pumzi, ulinzi wa kwanza ni hewa inayopita, madirisha wazi pande zote mbili, na nafasi baina ya mtu na mtu. Tuchukue darasa la mita 8 kwa 6: tukiacha mita 2 za mbele kwa ubao na mwalimu, hubaki mraba wa mita 6 kwa 6, na tukimpa kila mwanafunzi mraba wa mita 1.2 kila upande, wataenea wanafunzi 25. Darasa lenye watoto 50, basi, halina budi kugawanywa nusu kwa nusu, kundi moja lije leo na jingine kesho. Na maana yake ni kwamba masomo ya nyumbani yanaendelea hata baada ya kengele kulia, na zile safu za daftari bado zinahitajika kwa nusu iliyobaki nyumbani.

Fauka ya hayo, juma la kwanza lisitumiwe kukimbiza mtaala. Kila mtoto asomeshwe aya moja fupi na apewe hesabu chache, mwalimu aandike alichokiweza, kisha somo lianzie pale mtoto alipo, maana aliyesahau kugawanya hatafaidika na sehemu wala asilimia.

Na lililo zito kuliko yote ni majina yasiyoitikiwa. Baada ya maradhi ya Ebola, Sierra Leone ilifungua skuli zake mwezi Aprili 2015, lakini wasichana waliokuwa na mimba inayoonekana wakazuiwa kuingia, na katazo hilo halikuondolewa mpaka Machi 2020. Hivyo milango iliyofunguliwa kwa wote ikafungwa kwa wale waliodhurika zaidi. Skuli yenye insafu humfuata binti aliyejifungua, na humfuata kijana aliyezoea ujira wa mashua au wa pikipiki, ikaenda mpaka nyumbani kwao, ikazungumza na wazee wao kwa heshima, na ikamwekea nafasi yake.

Basi nawasihi, wazazi na kamati za skuli, msingoje maradhi mengine. Mwendeeni mwalimu mkuu katika muhula huu huu, mumwombe safu zile ziandikwe na zihakikiwe kila mwanzo wa muhula, kwa kuwa namba za simu hubadilika na watoto huhama; na siku nchi itakapotangaziwa tena kufunga, mwalimu wenu atakuwa tayari anajua ni nani wa kumpigia, ni nani wa kumpelekea karatasi, na ni nani atakayehitaji kufuatwa ili arudi.