Posho ya Mpagazi

Wengi wetu tuliozaliwa huku Kabingo twadhani kwamba posho ni jina la ugali wa mahindi. Kumbe kwa Kiswahili posho ni chakula cha kupimiwa, apewacho askari au mpagazi. Neno hili hunikumbusha wakulima waliotolewa mashambani katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918.

Huenda msomaji atauliza, jeshi lilitaka nini kwa wakulima? Magari yalikuwa machache, barabara hazikutosha, na wanyama wa mizigo waliuawa na mbung'o. Ikabaki migongo ya watu. Basi machifu waliagizwa kutoa vijana, na mwenye jembe akachukuliwa, apende asipende. Katika nchi iitwayo leo Kenya, sheria ya 1915 iliruhusu jambo hilo, na mwaka 1917 watu wakakusanywa kwa wingi mno. Kwetu Uganda, maelfu walitolewa kulichukulia mizigo jeshi la Wabelgiji, lililoingia Rwanda mwaka 1916 na kuteka Tabora mwezi wa Septemba.

Mpagazi hakupewa bunduki. Alipewa kibati chenye namba, akatwishwa mzigo wa ratili 50 hivi. Adui yake mkubwa hakuwa Mjerumani, bali chungu cha chakula. Mtu aliyezoea ndizi alipimiwa unga wa mahindi wa chenga, nao unga huo wataka kuchemka sana. Naye afika kambini usiku, amelowa, kuni mbichi: atapika nini? Alikula hivyo hivyo, tumbo likamkata, akahara damu. (Posho ya shuleni kwetu, mnayoinung'unikia kila siku, angalau huiva!) Wanahistoria hukadiria kwamba upande wa Waingereza walikufa wapagazi zaidi ya 90,000, wengi wao kwa maradhi, si kwa risasi.

Liniumalo zaidi ni habari ya kile kibati. Kikipotea, au jina likiandikwa vibaya, marehemu hakujulikana kwao ni wapi, na mshahara wake ukabaki serikalini. Fedha nyingi za namna hiyo za wapagazi wa Kenya hazikuwafikia jamaa zao kamwe.

Huko Nairobi sanamu ya mwaka 1928 yamwonyesha mpagazi pamoja na askari. Ile ya Dar es Salaam ina askari peke yake. Lakini Dar es Salaam ina Kariakoo, na Nairobi ina Kariokor. Kikosi cha wapagazi kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na majina yote mawili yalitoka hapo.