Mtoto akisema "lafiki", ni tatizo au ni lafudhi ya kwetu?

Msikilizaji wetu, mama wa Igombe, ametuuliza kuhusu mwanawe wa miaka minne. Mwalimu wa chekechea amemwambia mtoto hatamki vizuri: anasema "lafiki" badala ya "rafiki". Je, ampeleke hospitali?

Swali zuri, na jibu lake linahitaji hesabu ambayo bado ni haba. Kisukuma hakina sauti ya "r", hivyo hata watu wazima wengi wa Ilemela huichanganya na "l". (Sisi wenyewe hapa studio, siku za kutangaza kura, tunajikaza.) Mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha aliyesomea vipimo vya Uingereza au Marekani anaweza kuiandika lafudhi ya mtoto huyu kuwa kasoro. Vipimo hivyo vilipatikana kwa watoto wa Kiingereza, ambao hawajui "ng'ombe" wala "mbwa".

Ndiyo maana utafiti uliochapishwa mwaka 2015 una thamani. Nazneen Gangji, pamoja na Michelle Pascoe na Mantoa Smouse wa Chuo Kikuu cha Cape Town, waliwachunguza watoto 24 wa Dar es Salaam wasio na tatizo, wa miaka 3 hadi 5, kujua wanavyotamka Kiswahili. Ni mwanzo mzuri. Lakini Dar si Kayenze, ambako bibi anamlea mjukuu kwa Kisukuma.

Nani atawahesabu wa Kayenze? Kwa maoni yetu, wanafunzi wanaosomea kazi hii. Makerere ilianza kuwafundisha mwaka 2008, na hapa nchini Chuo Kikuu cha Muhimbili kina shahada ya usikivu pamoja na usemi na lugha. Mwanafunzi akiwa kliniki tayari anacheza na mtoto na kuandika kila neno analotamka. Akiongeza idhini ya mzazi, akarekodi na watoto wasio na tatizo wa mtaa huohuo, tayari anatafiti. Utafiti ukibaki kitabu cha kumalizia chuo tu, kinachokaa kabatini, mgonjwa anayefuata hapati kitu.

Wala si lazima mzazi ajue kusoma. Kule Kilifi, Kenya, watafiti walitengeneza orodha za maneno ya watoto kwa Kiswahili na Kigiriama, wakawahoji akina mama kwa mdomo.

Sasa mama wa Igombe: "l" peke yake isikutie hofu. Nenda kituo cha afya ikiwa wageni hawamwelewi mtoto, ikiwa amepoteza maneno aliyokuwa nayo, au ukihisi hasikii vizuri. Kwa mdogo wake, ukiona amefikisha miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili, kama "mama njoo", usingoje. Masikio ndiyo yapimwe kwanza. Mkihitaji zaidi mtapewa rufaa, kwa mfano kliniki ya masikio, pua na koo ya Bugando.

Ukienda, mrekodi kwanza kwa simu akicheza nyumbani, maana mbele ya daktari watoto hunyamaza. Na kama simu yako bado ina sauti ya kaka yake alipokuwa na miaka minne, usiifute. Nenda nayo.