Kuchomeka, Kuchomoka na Kuanzishwa Upya: Kiendeshi cha USB na Mizani ya Chai

Utangulizi

Katika vilima vya Kericho na Bomet, mkulima mdogo wa chai hulipwa kwa kilo. Majani yakishachumwa hupelekwa kituo cha ununuzi, hupimwa mbele ya mwenyewe, kisha husafirishwa hadi kiwandani, kama vile Litein na Momul huko Kericho au Kapkoros na Mogogosiek huko Bomet. Malipo ya kila mwezi na bonasi ya mwisho wa mwaka hutegemea tarakimu zilizonakiliwa kituoni. Tangu mizani ya kielektroniki ianze kutumika, tarakimu hizo hupitia katika programu. Makala haya yanaeleza programu moja ya aina hiyo, nayo ni kiendeshi cha USB, na kuonyesha kwamba minyambuliko ya vitenzi vya Kiswahili hubainisha kazi zake waziwazi. Kwa mfano, tuchukue mizani iliyounganishwa na kompyuta kwa waya wa USB.

Kiendeshi ni mkalimani kati ya mfumo wa kompyuta na kifaa. Kompyuta, ambayo ndiyo mwenyeji, huanzisha mazungumzo yote. Kifaa hujibu tu kinapoulizwa.

Kuchomeka

Kwa mujibu wa kaida za USB 2.0 zilizotolewa mwaka 2000, waya huwa na nyuzi mbili za data. Mizani inapochomekwa, huinua volti ya uzi mmojawapo, na hivyo mwenyeji hutambua kuwa mgeni amefika. Mwenyeji husubiri angalau milisekunde 100 ili muungano utulie, kisha hukianzisha kifaa upya. Baada ya hapo kifaa huitikia anwani 0, hadi kinapopewa anwani yake kati ya 1 na 127. Mwenyeji husoma maelezo ya kifaa, yakiwemo nambari ya mtengenezaji na nambari ya bidhaa, na kwa maelezo hayo humtafuta mkalimani anayefaa. Hapo ndipo kiendeshi huitwa. Wajibu wake wa kwanza ni kuhakikisha kwamba kifaa ni kile anachokijua, kutenga kumbukumbu, na kuwa tayari kabla ya kutangaza kwamba mizani inaweza kutumika.

Kuchomoka

Kinyume cha chomeka ni chomoa, katika kauli ya kutendua. Kitenzi hiki kina mtenda: karani ameuchomoa waya. Lakini chomoka, katika kauli ya kutendeka, hakimtaji mtenda. Waya umechomoka, labda gunia limeuvuta, labda tundu limelegea. Mwandishi wa kiendeshi hana budi kufikiri kwa kauli hii ya pili, kwani kiendeshi hakipewi sababu. Hupata habari tu kwamba kifaa hakipo, na mara nyingi katikati ya kazi.

Zipo hatua tatu za lazima. Kwanza, kiendeshi hukataa maombi mapya. Pili, hufuta maombi yaliyokuwa njiani na kuwaarifu waliokuwa wakisubiri kwamba yameshindikana. Tatu, huachilia kumbukumbu, lakini baada tu ya mtumiaji wa mwisho kuifunga njia ya mizani. Kumbukumbu ikiachiliwa mapema, programu iliyo bado wazi itagusa mahali pasipo pake, na mfumo mzima waweza kuanguka.

Hatua ya pili ndiyo inayomgusa mkulima. Iwapo waya utachomoka kabla uzito haujafika, nacho kiendeshi kikarudisha tarakimu ya mwisho kilichonayo badala ya kukiri kushindwa, kilo za mkulima aliyetangulia zitaandikwa kwa jina la anayemfuata. Kosa la namna hii halionekani kwa macho.

Kuanzishwa upya

Kitenzi anzishwa kimo katika kauli ya kutendeshwa. Hakuna anayeondoka hapa. Mwenyeji ndiye anayekitendesha kifaa kilichokwama kwa kushusha nyuzi zote mbili za data kwa angalau milisekunde 10. Kifaa husahau anwani na mpangilio wake. Katika mfumo wa Linux, kiini hukiarifu kiendeshi kabla ya tukio ili kisimamishe mawasiliano, kisha hurejesha anwani na mpangilio, na hatimaye hukiarifu tena. Hata hivyo, mambo ya ndani ya mizani, kwa mfano kama inahesabu kwa kilo au kwa gramu, kiini hakiyajui. Ni kiendeshi kinachopaswa kuyakumbuka na kuyaandika upya. Aidha, ikiwa maelezo ya kifaa yamebadilika baada ya kuanzishwa, mwenyeji hukihesabu kuwa kimeondoka na kwamba mgeni mwingine amefika.

Hitimisho

Imebainika kwamba chomekwa, chomoka na anzishwa upya ni matukio matatu yenye wajibu tofauti: kujiandaa, kuachilia kwa utaratibu, na kukumbuka kilichosahauliwa na mwingine. Anayetafsiri istilahi za kompyuta na kuyaita yote "kukatika" huficha tofauti ambayo lugha yenyewe inayo tayari. Wanafunzi wa Kiswahili wana nafasi katika kazi hii, kwa kuwa mofolojia wanayoifundishwa darasani ina nyenzo za kuieleza. Faida yake ni kubwa iwapo fundi wa Bomet atasoma kwa lugha anayoielewa ni kwa nini mizani ikichomoka ni lazima iseme "nimeshindwa".